Wavu mbaya au kisingizio? Namna ya kupima kama ubora wa wavu ndio unaozuia hesabu za mtiririko kutulia

Mtu akileta kesi iliyogoma (hesabu ya kompyuta ya mtiririko wa hewa au maji inayokataa kufika kwenye jibu), iwe kwenye maabara ya Mlimani au kwenye chumba changu cha Sinza chenye feni moja, jibu la kwanza analopewa na waliokaa karibu ni lilelile: "Wavu mbaya huo, rudia." Anarudi nyumbani, anakesha akisuka wavu mpya, seli zinaongezeka mara tatu, laptopu ya mtumba aliyoinunua Kariakoo inavuma kama jenereta, na asubuhi kesi imegoma palepale. Wavu umekuwa jini wa mtaa. Kila ugonjwa anasingiziwa yeye, na hakuna aliyewahi kumkamata.

Wavu una makosa yake, na mengine ni makubwa. Ila makosa hayo yanapimika. Hapa naeleza ninavyoyapima mimi kwa OpenFOAM, programu ya kuhesabu mtiririko, kwa sababu ni ya bure na inakubali kompyuta ndogo. Ukitumia Fluent au programu nyingine, mantiki haibadiliki, yanabadilika majina ya vitufe.

Maneno kwanza

Wavu ni mgawanyo wa eneo la hewa au maji katika seli ndogondogo. Kila seli ina nyuso, na kazi yote ya solva (sehemu ya programu inayotatua milinganyo) ni kupiga hesabu ya kinachopita kwenye nyuso hizo. Solva hairuki moja kwa moja hadi kwenye jibu. Inakisia, inasahihisha, inakisia tena, na kila duru inaacha mabaki, yaani kiasi ambacho milinganyo bado haijasawazika. Mabaki yakishuka hadi chini na jibu likaacha kubadilika, kesi imetulia. Wenzangu wengi husema "imekonveji". Mimi nitatumia kutulia.

Kuna kutulia kwa aina mbili, na watu huzichanganya kila siku. Aina ya kwanza ni hiyo ya duru: wavu ni uleule, mabaki yanashuka. Aina ya pili ni ya wavu wenyewe: unasuka wavu mpana, wa kati, na mwembamba, kisha unaangalia kama jibu linaelekea thamani moja. Kesi inaweza kutulia vizuri sana kwa maana ya kwanza na bado ikadanganya kwa maana ya pili. Kabla hujauliza kama wavu ndio tatizo, sema unauliza lipi.

Ubora wa wavu nao si kitu kimoja. Chora mstari kutoka katikati ya seli moja hadi katikati ya jirani yake. Mstari huo ukipenya uso unaozitenganisha kwa pembemraba, hali ni njema. Ukipenya kwa kuinama, pembe ya kuinama huko naiita mkengeuko. Mstari huohuo ukipita mbali na kitovu cha uso, huo ni mpishano. Halafu kuna uwiano wa urefu na upana (seli nyembamba kama rula), na kuna mruko wa ukubwa, pale seli kubwa inapokaa ubavuni mwa seli ndogo bila ngazi ya kati.

Uwiano mkubwa mara nyingi hauna dhambi. Karibu na ukuta, ambako kasi hubadilika haraka kuelekea ukutani na polepole kando yake, seli ndefu ndizo zinazotakiwa. Mkengeuko ndio wa kuogopwa zaidi linapokuja suala la kutulia, na inafaa kuona ni kwa nini.

Ili kupata msuguano au joto linalopita kwenye uso, solva inahitaji kujua thamani inavyobadilika kwa kuelekea mraba na uso. Lakini inachokijua kwa uhakika ni thamani mbili tu, katikati ya seli hii na katikati ya ile. Mstari ukiwa mraba, toa hii kwenye ile, gawa kwa umbali, basi. Mstari ukiinama, kuna kipande kinachobaki, na kipande hicho hukisiwa kwa kutumia thamani za duru iliyopita. Kwa njia ambayo OpenFOAM huitumia, ukubwa wa kipande hicho ukilinganisha na eneo la uso ni tanjenti ya mkengeuko. Kwa digrii 20 ni 0.36. Kwa digrii 45 ni 1. Kwa 60 ni 1.73, kwa 70 ni 2.75, kwa 80 ni 5.67. Ni kama kuendesha gari Morogoro Road ukiangalia kioo cha nyuma: kidogo haina neno, lakini ukikiangalia muda mwingi kuliko mbele utaingia mtaroni. Ndiyo maana kikomo cha onyo kikawekwa digrii 70. Kuanzia hapo namba zinapanda kwa kasi.

Hatua ya 1: eleza inagoma vipi

"Haitulii" hainisaidii kitu. Fungua faili la logi uangalie mwisho wake.

Kama kuna ujumbe wa namba zilizolipuka, kesi imelipuka. Angalia ni duru ya ngapi. Ikilipuka katika duru tano za mwanzo, mara nyingi ni masharti ya mipaka au vipimo. Ikilipuka baada ya duru mia kadhaa, wavu unaanza kuwa mshukiwa wa kweli.

Kama mabaki yameshuka kisha yakalala kwenye mstari mnyoofu, tuseme kwenye 0.001, imekwama. Kama yanapanda na kushuka kwa mpangilio, kama pumzi, inayumba. Kuyumba kwa mpangilio ni habari nyingine kabisa, nitairudia mwishoni.

Na kama logi imekatika katikati ya mstari bila kosa lolote, umeme ulikatika. Usicheke, nimeshaletewa kesi ya namna hiyo ikiitwa "wavu mbaya". Weka writeInterval ndogo ili hesabu ihifadhiwe mara kwa mara, weka startFrom iwe latestTime ili ianze ilipoishia, na purgeWrite iwe 2 ili diski isijae. Maisha yataendelea.

Hatua ya 2: ondoa washukiwa wa bei rahisi

Kabla ya kuugusa wavu, nusu saa ya maswali.

Vipimo: mchoro ulitoka kwenye programu ya kuchora kwa milimita, OpenFOAM inasoma mita. Bomba la milimita 150 limekuwa bomba la mita 150, na namba ya Reynolds (uwiano wa nguvu ya mwendo na ya mnato) imepanda mara elfu. checkMesh, amri ya OpenFOAM ya kukagua wavu, huandika mipaka ya eneo lako mwanzoni kabisa mwa ripoti ya jiometria. Isome hiyo kabla ya kitu kingine chochote.

Mlango wa kutokea: je, umekata eneo mahali ambapo maji bado yanazunguka? Mtiririko ukirudi ndani kupitia mlango wa kutokea, mabaki yatakwama hata wavu ukiwa wa dhahabu. Refusha eneo, endesha tena.

Vigezo vya kulegeza, yaani sehemu ya badiliko la kila duru inayokubaliwa: kwa simpleFoam (solva ya OpenFOAM ya mtiririko usiobadilika na muda) anza na 0.3 kwa presha na 0.7 kwa kasi. Ukikuta mtu ameweka 0.9 zote mbili kwa haraka ya kwenda nyumbani, umeshampata mhalifu.

Skimu, yaani kanuni ya kukadiria thamani kwenye nyuso: badilisha skimu ya usafirishaji wa kasi iwe upwind ya daraja la kwanza, kwa jaribio tu. Ikitulia, usishangilie bado. Skimu hiyo hutuliza karibu kila kitu kwa sababu inaongeza mnato wa bandia. Umejifunza kwamba mipaka na vipimo havina tatizo kubwa, hujajifunza zaidi ya hapo.

Hatua ya 3: upime wavu

Amri ni hii:

checkMesh -allGeometry -allTopology > log.checkMesh

Wengi husoma mstari wa mwisho tu. Ukisema "Mesh OK" wanafunga faili. Lakini maneno hayo yana maana finyu: hakuna kilichovuka vikomo vya kawaida, ambavyo ni mkengeuko wa digrii 70, mpishano wa 4, na uwiano wa 1000. Wavu wenye mkengeuko wa 69 nao ni "OK". Na mkengeuko ukivuka 70 utapata onyo, kisha mstari wa mwisho unaweza bado kusema sawa. Kwa hiyo andika kwenye daftari namba nne: mkengeuko wa juu, mkengeuko wa wastani, mpishano wa juu, idadi ya seli.

Wastani una maana yake. Wavu wenye kilele cha 72 na wastani wa 6 una ugonjwa mahali pamoja, unatibika. Wavu wenye kilele cha 66 na wastani wa 31 ni mgonjwa mwili mzima, ingawa checkMesh haitalalamika.

Tahadhari kwa mnaohama kutoka Fluent: mpishano wa huko unapimwa kwa njia nyingine na unaishia 1, ambapo 1 ni seli iliyobonyea kabisa. Ukiona 0.9 kule ni mbaya, ukiona 0.9 kwenye OpenFOAM ni kawaida tu. Jina moja, rula mbili.

Namba peke yake haitoshi, tafuta mahali. checkMesh ikikuta nyuso zilizovuka kikomo huzihifadhi kama seti, kwa mfano nonOrthoFaces, ndani ya constant/polyMesh/sets. Zifungue kwenye ParaView, programu ya kuonyesha matokeo, juu ya picha ya mtiririko. Seli kumi mbovu zilizokaa kwenye kona ambayo hewa imelala hazitakusumbua. Seli mbili mbovu kwenye ukingo ambapo mtiririko unaachana na ukuta zinaweza kuangusha kesi nzima.

Matoleo ya OpenFOAM ya ESI (yale ya openfoam.com) yana kipengele kiitwacho solverInfo. Ukiweka writeResidualFields iwe yes, utapata picha ya mabaki yenyewe, seli kwa seli. Iweke sambamba na picha ya seti mbovu. Zikilaliana, una dalili nzito. Mabaki makubwa yakiwa upande wa Kigamboni na seli mbovu upande wa Mbezi, acha wavu, rudi hatua ya 2.

Dalili nyingine iko kwenye logi na watu huipita: safu ya "No Iterations" kwenye mistari ya presha. Ikipanda kutoka makumi hadi mamia, au ikifika 1000 ambacho ni kikomo cha kawaida, mlinganyo wa presha umekuwa mgumu kutatulika, na umbo la seli ni moja ya sababu za kwanza za kuchunguza.

Hatua ya 4: jaribio la sanduku

Mpaka hapa una dalili. Ushahidi unapatikana kwa kubadilisha wavu peke yake huku kila kitu kingine kikibaki kama kilivyo. Kwenye kesi kubwa hilo ni gumu, kwa hiyo jenga kwanza hisia zako kwenye kesi ndogo inayomalizika kabla chai haijapoa.

Chukua sanduku la mraba, sentimita 10 kwa 10, kifuniko cha juu kikivutwa kwenda kulia kwa mita 1 kwa sekunde. Weka mnato wa 0.001 ili Reynolds iwe 100. Mtiririko ni wa utulivu, hauna msukosuko, na jibu lake linajulikana tangu 1982: Ghia, Ghia na Shin walichapisha jedwali la kasi kwenye mstari wa katikati, na kwa Reynolds 100 kasi ya mlalo kwenye kitovu cha sanduku ni −0.20581 ya kasi ya kifuniko. Kwa hiyo una kitu cha kulinganisha nacho, si mabaki tu.

Sasa ligawe sanduku katika bloku nne, seli 20 kwa 20 kila moja. Katika blockMeshDict, faili linaloeleza wavu, kwa sentimita, nukta tisa za upande mmoja ni hizi (d ni umbali wa kusogeza nukta):

(0 0) (5−d 0) (10 0)
(0 5−d) (5 5) (10 5+d)
(0 10) (5+d 10) (10 10)

Ukiweka d sifuri, wavu ni mraba safi. Ukiongeza d, mstari wa wima unalala kulia na mstari wa mlalo unanyanyuka, yote miwili ikikimbilia ulalo mmoja. Kwenye kitovu, mkengeuko unakaribia mara mbili ya pembe ambayo tanjenti yake ni d gawa kwa 5. Kwa d ya 1 ni karibu digrii 23. Kwa 2 ni 44. Kwa 3 ni 62. Kwa 3.5 ni 70, na kwa 4 ni 77. Yaani una kitasa cha kuzungusha ubaya wa wavu, na mahali palipoharibika zaidi ndipo hapohapo penye namba ya kulinganisha.

Endesha simpleFoam kwa kila d. Kila mara anza na uwanja uleule wa sifuri. Usianze na matokeo ya kesi iliyotangulia, maana utakuwa unapima mwanzo mzuri badala ya wavu. Skimu zilezile, vigezo vilevile, solva ya presha ileile. Andika duru ngapi zilihitajika mabaki ya presha kufika 0.000001, na kasi kwenye kitovu.

Hapa pana mtego, na niliuingia mwenyewe miaka ya nyuma kabla sijashtuka. Ukizungusha d, hubadilishi mkengeuko peke yake. Kwa d ya 3, bloku mbili zinabanwa hadi sentimita mraba 10 na mbili zinatanuka hadi 40, ilhali seli ni 400 kila moja. Kwa hiyo ukubwa wa seli nao umeharibika. Kesi ikichelewa, utajuaje ni pembe au ni ukubwa?

Dawa ni wavu wa pili wenye kusogezwa kulekule lakini kwa mtindo wa mapanga ya feni. Mstari wa wima unalala kama mwanzo, ila ule wa mlalo unainama upande wa pili:

(0 0) (5−d 0) (10 0)
(0 5+d) (5 5) (10 5−d)
(0 10) (5+d 10) (10 10)

Mistari miwili sasa inazunguka pamoja, kwa hiyo kwenye kitovu inakutana kwa pembemraba, na kila bloku inabaki na sentimita mraba 25, chukua kalamu uhakikishe. Mkengeuko wa juu unabaki karibu nusu ya ule wa kwanza, na uko kando ya kuta. Wa tatu uwe wa mistari iliyonyooka kabisa lakini iliyosogezwa, mathalani ikipita kwenye 3 badala ya 5: mkengeuko sifuri, ukubwa wa bloku haulingani.

Ukiwa na hizo tatu mezani, unaweza kusema jambo. Wavu wa kwanza ukichelewa na wa feni usichelewe, lawama zinaanza kuielekea pembe. Ule wa mistari iliyosogezwa nao ukichelewa, ukubwa una mkono wake. Ukitaka kubana zaidi, ongeza nNonOrthogonalCorrectors kutoka 0 hadi 1, kisha 2, kwenye wavu mbaya peke yake. Kitu hicho hurudia mlinganyo wa presha ili kile kipande cha kukisia kisahihishwe ndani ya duru moja. Kama duru zinapungua dhahiri baada ya hapo, mkengeuko umekiri wenyewe. Kwenye wavu wa mraba badiliko hilo halipaswi kuleta chochote zaidi ya kupoteza muda.

Na usisahau safu ya kasi ya kitovu. Wengine hushangaa wanapoona wavu wa d ya 2 umetulia vizuri tu lakini namba imesogea kidogo mbali na −0.20581 kuliko ilivyokuwa kwenye mraba. Duru zimetulia, jibu limepinda. Ndio ule utofauti wa mwanzoni.

Hatua ya 5: rudi kwenye kesi yako

Sasa una macho. Kwenye kesi yenyewe fanya majaribio mawili yanayopingana.

La kwanza, tengeneza seli mbovu peke yake. Ukitumia snappyHexMesh, chombo cha OpenFOAM cha kusuka wavu, kikomo cha maxNonOrtho kwa kawaida ni 65, na kinalegezwa hadi 75 wakati wa kuweka tabaka za ukutani, kwa hiyo angalia tabaka kwanza. Punguza idadi ya tabaka kwenye kona kali, au laini kona hiyo kwenye mchoro. Usiongeze seli eneo zima. Ukiongeza seli kila mahali umebadilisha vitu viwili kwa pamoja, na hutajua kipi kilisaidia.

La pili, ambalo hakuna anayependa kulifanya: chukua wavu uliotengenezwa, uharibu mahali pengine, mbali na eneo lile, kwa kiwango kilekile. Kesi ikigoma tena, solva yako inasumbuliwa na seli mbovu popote zilipo. Isipogoma, mahali ndipo palipokuwa na neno.

Kama huwezi kutengeneza wavu, maana mchoro ni wa mteja na muda umekwisha, kuna bandeji: kwenye fvSchemes, faili la skimu, weka snGradSchemes iwe limited corrected 0.5, au 0.33 hali ikiwa mbaya zaidi. Inakata kile kipande cha kukisia kisizidi kiasi fulani cha kile cha uhakika. Kesi itatulia kwa urahisi zaidi. Malipo yake ni usahihi kwenye seli zilezile mbovu, kwa hiyo iandike kwenye ripoti.

Neno moja kuhusu kulinganisha mabaki. Usiweke mabaki ya wavu mmoja juu ya mabaki ya mwingine ukadhani ni mita za aina moja. Kila programu huyagawa kwa kipimo chake. Fluent, kwa mfano, hugawa mabaki ya uhifadhi wa maji kwa thamani kubwa kuliko zote ya duru tano za mwanzo, kwa hiyo kesi iliyoanza na makisio mazuri itaonekana imeshuka kidogo kuliko iliyoanza vibaya. Fuatilia pia kitu cha kushikika: upotevu wa presha kwenye bomba, nguvu kwenye nguzo, joto la hewa inayotoka. Kikilala mnyoofu kwa duru mia kadhaa, hapo ndipo nasema imetulia.

Hatua ya 6: wavu tatu

Hii ni kwa ajili ya maana ya pili ya kutulia. Suka wavu tatu za familia moja, kila moja ikipunguza upande wa seli kwa uwiano uleule, angalau 1.3. Mara 2 ni rahisi kuhesabu, lakini katika eneo la pande tatu maana yake seli mara 8, na kumbukumbu ya laptopu ina mwisho. Mimi hukadiria GB 1 hadi 2 kwa kila seli milioni.

Tuseme, kwa mfano wa karatasi tu, upotevu wa presha umetoka 436 kwenye wavu mpana, 420 kwenye wa kati, 412 kwenye mwembamba, uwiano ukiwa 2. Tofauti ya kwanza ni 16, ya pili ni 8. Zigawe upate 2, gawa logarithimu yake kwa logarithimu ya uwiano, daraja (kasi ambayo kosa hupungua wavu ukikazwa) ni 1. Jibu unaloelekea ni 412 toa 8, yaani 404. Kwa kipimo cha Roache cha shaka ya wavu, chenye kigezo cha 1.25 kwa wavu tatu, shaka ya wavu mwembamba ni asilimia 2.4.

Hiyo namba 1 ndiyo ya kukutia wasiwasi. Kama skimu zako ni za daraja la pili ulitarajia karibu na 2. Daraja likishuka, moja kati ya yanayoweza kuwa yamelishusha ni ubora wa wavu: kila unapoukaza, seli mbovu zinabaki na pembe ileile, hivyo kosa lao halipungui kwa kasi ya wenzao. Na kama tofauti ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza, wavu zako hazijafika mahali ambapo hesabu hii ina maana yoyote. Usiitumie kupamba ripoti.

Ile kesi ya nguzo

Niliahidi kurudi kwenye mabaki yanayoyumba. Kijana mmoja alinijia na nguzo. Wazo lilimjia akivuka Daraja la Nyerere kwenda Kigamboni, akitazama maji ya mkondo yanavyochezacheza nyuma ya nguzo, akaamua kufanya mfano mdogo wa maabara: mfereji, nguzo ya duara ya sentimita 5, maji ya mita 0.2 kwa sekunde. Wavu wake wa kwanza ulikuwa mpana na mbovu kwelikweli, na ulitulia. Mwalimu wake akamwambia wavu huo haufai, asuke mzuri. Akasuka. Mzuri haukutulia.

"Kaka, nimeutengeneza ndio umeharibika," aliniambia, amekaa kwenye ndoo kwa sababu kiti kilikuwa na kompyuta.

Tulipitia hatua zote. Mkengeuko wa juu 38, wastani 5, mpishano chini ya 1, mlango wa kutokea mbali. Mabaki yalikuwa yanapanda na kushuka kama mawimbi ya Coco Beach siku isiyo na upepo, kwa vipindi vinavyolingana. Nikamwomba achore nguvu ya pembeni kwenye nguzo, duru kwa duru. Nayo ilikuwa inapumua, chanya, hasi, chanya, hasi.

Reynolds ya nguzo ile ni 10,000. Nyuma ya nguzo ya duara vizingia (mizunguko ya maji) huanza kuachana kwa zamu, kushoto na kulia, tangu Reynolds ya karibu 47. Maji yenyewe hayatulii. Alikuwa anaiomba simpleFoam, ambayo hutafuta jibu lisilobadilika na muda, impe jibu ambalo halipo. Wavu wa kwanza ulitulia kwa sababu upana wa seli na ubovu wake vilitia mnato wa bandia mwingi kiasi cha kuzima vizingia. Wavu mzuri uliacha maji yafanye yanachofanya.

Akahamia pimpleFoam, yenye muda halisi. Kwa nguzo ya duara, namba ya Strouhal (kipimo cha vizingia kuachana mara ngapi) katika eneo hilo la Reynolds ni karibu 0.2, kwa hiyo zidisha kwa 0.2 ya kasi, gawa kwa 0.05 ya kipenyo, vizingia vinatakiwa kuja mara 0.8 kwa sekunde, kila kimoja na jozi yake kikichukua sekunde 1.25. Tukakubaliana hatua ya muda iwe ndogo kiasi cha kukipa kila kipindi hatua mia kadhaa, na aanze kuhesabu wastani baada ya vipindi kumi vya mwanzo kupita.

Akauliza afanye nini na ule wavu wa kwanza, aufute? Nikamwambia auhifadhi, auendeshe nao kwa pimpleFoam vilevile, hatua ya muda ileile, halafu michoro miwili ya nguvu ya pembeni aiweke kwenye ukurasa mmoja. Alifunga laptopu saa mbili usiku, akaenda kuwahi daladala ya Mbagala.